Kifaa cha chuma ndani ya kasha la babu, Ujiji: wakuu nisaidieni kukitambua

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Naombeni msaada, hasa wazee wa Kigoma na Tabora, mafundi, wavuvi, wastaafu, na yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye vitu vya zamani.

Wiki tatu zilizopita tulibomoa chumba cha nyuma kwa bibi, Ujiji. Ni chumba cha udongo, ukuta mmoja ulishainama kuelekea kwenye mwembe na mvua za mwaka huu zisingeuacha. Chini ya kitanda cha kamba kulikuwa na kasha la mbao la babu, na tangu afariki hakuna aliyelifungua. Ndani mlikuwa na kanzu iliyoliwa na mchwa, stakabadhi za kodi zilizofifia hadi hazisomeki, kisu kisicho na mpini, na chuma kimoja ambacho sisi watu saba tuliokuwepo hakuna aliyejua ni nini.

Kijana wa vyuma chakavu alikuwa nje na mkokoteni wake. Akakipima kwa kiganja, akasema nusu kilo haifiki, shilingi mia tano. Mjomba akawa anakaribia kumpa. Nikakiwahi, nikakitia mfukoni, na tangu siku hiyo sina raha mpaka nikijue.

Niwaeleze kilivyo. Kwa mbali ni kama plaizi. Urefu sentimita 19. Chuma kitupu, cheusi, sumaku ya spika ya redio inakikamata vizuri. Mikono miwili imeungana kwa ribiti moja. Lakini kichwani hakina meno ya kubania. Kina vibonge viwili vya chuma, kila kimoja kimechimbwa shimo la nusu duara, laini kabisa ukipitisha kidole. Ukikibana, nusu mbili zinakutana na kufanya chumba cha mviringo ndani, kama cha goroli kubwa wanazochezea watoto. Juu ya chumba hicho kuna tundu dogo lililotanuka mdomoni kama faneli. Halafu kati ya ribiti na kichwa kuna sehemu kingo mbili zinapishana kama mkasi, na bado zina makali.

Mkono mmoja, upande wa ndani, umegongwa namba 16. Mkono wa pili una mabaki ya ngozi iliyozungushiwa, imekauka kama ganda la mti. Ndani ya yale mashimo kuna weusi wa masizi, na chini ya weusi kuna ukoko wa kijivu.

Nilimpelekea bibi. Umri umekwenda, masikio yanamsumbua, siku nyingine anakujua na siku nyingine anakuita kwa jina la baba yako. Alikishika kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Hicho cha moto hicho. Watoto msikisogelee." Nilipomuuliza cha moto kivipi, akawa ameshahamia kwenye habari nyingine.

Nawasilisha.

Mdau wa Mwanga

Mkuu, hilo ni koleo la kung'olea meno. Zamani waganga na wamisionari walitembea na vifaa vya namna hiyo. Hilo shimo ni la kukalia jino.

Mwanzisha uzi

Asante mkuu, nililifikiria hilo siku ya kwanza. Shida ni kwamba ukikibana hakiachi nafasi yoyote. Midomo inagusana kabisa kuzunguka duara zima. Jino ungeliingizaje ukalishika shingo? Na ile faneli ya juu ingekuwa ya nini?

Mstaafu wa reli

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi kwenye reli ya kati miaka mingi, behewa la abiria na baadaye ofisi ya vifurushi Tabora. Wapo watakaosema ni kitobolea tiketi, basi nikanushe mapema. Kile kina springi kati ya mikono ili kifunguke chenyewe, na ncha yake ni ndogo, inatoa kipande cha karatasi chenye umbo lake. Hiki sicho.

Kilichonijia mimi ni koleo la lakiri. Behewa la mizigo likishafungwa, unapitisha waya kwenye kitasa, unaweka kidonge cha risasi, unakibana kwa koleo lenye maandishi, behewa halifunguliwi mpaka liendako. Tabora ni njia panda, Mwanza huku, Kigoma huku, Mpanda nako, tulibana lakiri kutwa kucha. Kwangua huo ukoko wa kijivu. Kama ni risasi, basi nimekupa jibu.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Nimekwangua.

Nimetumia ncha ya msumari, kidogo tu, pembeni. Kimetoka kipande cha ukubwa wa nusu punje ya mchele. Ukucha unakikwaruza. Sumaku haikigusi. Nikakisugua kwenye karatasi nyeupe, kikaacha mstari wa kijivu unaong'aa, kama kalamu ya risasi. Kwa hiyo mzee uko sahihi, ni risasi.

Ila nimeangalia ndani ya mashimo kwa tochi, hakuna herufi wala namba wala alama yoyote. Koleo la lakiri si lazima liwe na maandishi ya kuacha kwenye kidonge? Na si linabana bapa?

Mstaafu wa reli

Marahaba. Ni kweli, lazima liwe na maandishi, la sivyo lakiri haina maana, mwizi naye angebana ya kwake. Hapo nimekwama. Tusubiri wengine.

Mwalimu wa Tabora

Ndugu zangu, tusisahau historia. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha kuwaishia, walitengeneza sarafu hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na heller 20 za shaba. Wabelgiji waliingia mjini Septemba mwaka huo huo. Je, haiwezekani kifaa hiki ni masalia ya kazi ile? Umri unalingana, na watu wengi wa Ujiji walifanya kazi reli.

Sonara wa Tabora

Mwalimu, kwa heshima, sarafu zile ziligongwa, hazikumiminwa. Unakata kidonge bapa cha madini, unakiweka kati ya mihuri miwili, unashusha nguvu. Hiki cha huyu ndugu kinatoa kitu cha duara kama goroli. Hakuna sarafu ya goroli. Ila umegusa jambo moja la maana, nalo ni kumimina. Ile faneli ni mlango wa kumiminia madini yaliyoyeyuka, sina shaka. Hii ni kalibu. Swali ni kalibu ya nini.

Mvuvi wa Kibirizi

Ya risasi za kuvulia! Mnahangaika bure wakuu. Pwani wanaita chubwi, sisi huku tunasema risasi tu. Tunayeyusha betri mbovu za gari, tunamimina, tunapata vipande vya kuzamishia nyavu na mishipi. Babu yako alikuwa mvuvi?

Mwanzisha uzi

Ndiyo mkuu, alikuwa na mtumbwi. Alivua mpaka macho yalipomshinda.

Mvuvi wa Kibirizi

Basi kazi imeisha.

Mstaafu wa wanyamapori

Haijaisha. Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na ningependa niandike kwa kirefu, maana vitu hivi nimevishika.

Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyama katika mapori ya Tabora zaidi ya miaka ishirini. Tulikamata magobore mengi. Mara nyingi, pamoja na gobore, kwenye mkoba wa ngozi wa mwindaji unakuta vitu vyake: pembe ya baruti, vitambaa, fataki kama gobore ni la fataki, na kifaa kama hiki. Hii ni kalibu ya risasi za gobore. Jina hilo si langu, ndivyo wazee walivyoiita, kalibu ya risasi.

Vijana wengi wanadhani risasi ni ile ya kiwandani yenye ganda la shaba. Neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko ganda hilo. Risasi kwanza ni madini, yale mazito ya kijivu, na neno tumelitoa kwenye Kiarabu. Kwa kuwa kilichotoka kwenye mtutu kilikuwa goroli la madini hayo, jina la madini likawa jina la kinachoua. Ndiyo maana hata kalamu yenye ncha ya kijivu tuliiita kalamu ya risasi.

Gobore unalijaza kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni, unaweka kitambaa au nyuzi, unatia goroli, unashindilia kwa mdeki. Lile la zamani zaidi, la gumegume, linawashwa na cheche za jiwe. Lililofuata linatumia fataki. Sasa zingatieni hapa: goroli lazima liwe dogo kidogo kuliko mtutu, kwa sababu baruti nyeusi inaacha masizi mengi, na ukipiga mara nne tano mtutu unakuwa mwembamba. Goroli lililokaza litagoma katikati ya njia na siku hiyo umelala na njaa, au tembo amekulaza yeye. Mitutu yenyewe haikulingana. Kwa hiyo bunduki nyingi ziliuzwa pamoja na kalibu yake, na mwenye bunduki aliitunza kama anavyotunza bunduki.

Utumiaji wake ni huu. Unaipasha moto kwanza, maana ikiwa baridi goroli linatoka na makunyanzi. Unazipitisha nusu zote mbili juu ya moshi wa kibatari mpaka ziwe nyeusi, ili risasi iteleze ijaze vizuri na isigande ukutani. Ndiyo masizi uliyoyaona. Unabana, unamimina kwenye faneli, unahesabu pumzi chache, unafungua, goroli linadondoka likiwa na kikia pale lilipoingilia. Hicho kikia unakiweka kwenye ile sehemu ya mkasi karibu na ribiti, unabana mikono, kinakatika. Ngozi mkononi ni kwa sababu chuma kinashika moto.

Na Unyamwezi ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya bunduki. Wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, wakakuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga matembe na kukaa. Misafara ilipandisha shanga, nguo, baruti na bunduki, ikateremsha pembe. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ya Ujiji kwa vita na watu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, pande zote zilikuwa na bunduki. Stanley mwenyewe, yule mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia kwenye vita hiyo, wakashindwa, akalazimika kuzunguka kusini ndipo akafika Ujiji. Na Januari 1893 Wajerumani walipovunja ngome ya mtemi Isike, alijilipua kwenye ghala lake la baruti kuliko kushikwa. Pima mwenyewe baruti iliyokuwa imelundikwa mpaka ikawa na ghala. Kila baruti ilihitaji goroli, na kila goroli lilitoka kwenye kalibu iliyoshikwa na mkono wa mtu.

Hiyo namba 16 nayo ina maana. Gawanya ratili moja ya risasi kwa 16.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Nimefanya ulivyosema. Ratili moja ni gramu 453.6. Ukigawa kwa 16 unapata gramu 28.35. Maana yake, kama nimekuelewa, ni kwamba ratili moja ya risasi inatoa magoroli 16 ya ukubwa huu.

Sikutaka kuamini kwa kuwa tu hesabu ni nzuri. Nikaenda kwa fundi wa injini za boti pale Katonga, ana kipimo cha venia. Tukasafisha ukingo kwa kitambaa tu, bila msasa, tukapima upana wa shimo mara nne, kila mara tumegeuza. Mara tatu ilisoma milimita 16.8, mara moja 16.7. Nikachukua 16.8, nikaizidisha kwa yenyewe mara tatu, nikazidisha kwa 0.5236 kupata ujazo wa duara: sentimita za ujazo 2.48. Risasi ina uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo. Jibu ni gramu 28.15.

28.35 kwa namba iliyogongwa, 28.15 kwa shimo lenyewe. Nilikaa kwenye benchi la yule fundi nikarudia hesabu kwa simu yake nikidhani yangu imekosea. Mtu aliyegonga ile 16, popote alipokuwa, alikuwa anasema kweli, na kifaa kimepita kwenye moto mara zisizo na idadi na bado kinatunza neno lake.

Fundi naye aliniambia jambo ambalo sikuliona. Alisema duara la namna ile, nusu mbili zikutane bila kupishana hata unywele, halichongwi kwa tupa wala patasi. Unaziweka nusu zote mbili pamoja, kati yake unazungusha kekee yenye kichwa cha mviringo, unabana taratibu huku inakula pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hiki kimetoka kwenye karakana ya watengeneza bunduki. Wahunzi wetu walifua majembe yaliyosifika nchi nzima, lakini hii ni kazi ya kekee.

Nauliza: namba inaweza kutuambia nchi?

Mstaafu wa wanyamapori

Marahaba. Namba inataja uzito, haitaji nchi. Ratili uliyopigia hesabu ni ya Waingereza, lakini hesabu ya namna hii haikuwa ya Waingereza peke yao. Bunduki za biashara zilizoletwa Afrika zilitoka sana Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, na nyingine zilikuwa bunduki za majeshi ya Ulaya zilizopitwa na wakati. Goroli la milimita 16.8 lingekaa vizuri kwenye mtutu wa milimita 17.5, ambao ndio wa bunduki za askari wa Ufaransa za muundo wa 1777 na nyingi zilizoigwa humo. Bunduki kubwa ya jeshi la Uingereza ilikuwa na mtutu wa milimita 19 hivi, humo goroli lako lingecheza, lingehitaji kitambaa kinene.

Kuhusu umri, kumbuka mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa yalikubaliana kuzuia silaha mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, wakaacha mlango kwa magumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo maana gobore lilidumu huku wakati kwingine limeshasahaulika, na kalibu zikadumu nalo.

Usikisugue kwa msasa, usikipake rangi. Paka nta ya nyuki nyembamba, ile safi ya Tabora, kisha kitambaa kikavu.

Mvuvi wa Kibirizi

Nimesoma yote na mzee namheshimu, lakini sikubali kirahisi. Babu alikuwa mvuvi, si mwindaji. Kasha lilikuwa la mvuvi. Na kuna swali moja hakuna aliyeliuliza: risasi ya mshipi lazima iwe na tundu la kupitisha uzi. Mkuu, igeuze hiyo kalibu, angalia chini, upande ulio mkabala na faneli, pale nusu mbili zinapokutana. Tuambie unaona nini.

Mwanzisha uzi

Wakuu.

Nimekuwa na kifaa hiki karibu mwezi mzima. Nimekipima, nimekipiga picha, nimekilalia. Sikuwahi kukigeuza nikaangalia chini.

Kuna pengo. Chini kabisa, kwenye kila nusu, kuna mfereji mdogo. Ukibana, mifereji miwili inafanya tundu la mviringo linaloingia ndani ya chumba, limenyooka sawasawa na faneli ya juu. Nimechukua spoki ya baiskeli yangu, milimita 2, imeingia kwa chini ikatokea juu kwenye faneli bila kugusa ukuta.

Na mifereji hiyo haifanani na kazi nyingine ya kifaa. Shimo la goroli ni laini kama kauri. Mifereji ina michirizi ya tupa, mmoja umekwenda upande kidogo, unaona kabisa tupa iliteleza mara ya kwanza, mtu akairudisha na kuanza upya. Hakuifanya mtu wa kekee. Aliifanya mtu aliyekaa chini, amekibana kifaa kwa magoti, ana tupa moja kuukuu.

Mvuvi wa Kibirizi

Umeona sasa.

Hapo ndipo wanapopitisha spoki. Unaibana ndani kabla ya kumimina, risasi inaganda kuizunguka, unaivuta kwa koleo ikiwa bado ya moto, unabaki na tundu. Baba yangu alifanya hivyo kwa kopo. Yeye hakuwa na kalibu nzuri hivyo.

Mstaafu wa wanyamapori

Mvuvi, nakubaliana nawe, na nafurahi kuona nimefundishwa. Kalibu ya gobore haiwezi kuwa na tundu la chini, goroli lingetoka na tobo na lisingekwenda sawa. Kwa hiyo siku ile mifereji ilipopigwa tupa, kifaa kiliacha kabisa kazi ya bunduki. Mwenye nacho alijua hatarudi nyuma.

Mwanzisha uzi, mtu huyo ni nani? Muulize bibi. Usimuulize kuhusu chuma, muulize kuhusu uvuvi.

Muuguzi, Kigoma

Naingilia kidogo tu. Tafadhali mtu asijaribu kuyeyusha risasi nyumbani kwa sababu ya uzi huu. Moshi na vumbi lake ni sumu, inaingia kwenye damu, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa akili zao. Mkuu, hata ukikwangua, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mwanzisha uzi

Asante dada, nimezingatia. Kile kipande nimekifunga kwenye karatasi na kukiweka mbali na watoto.

Mwanzisha uzi

Wakuu, samahani kwa kukaa kimya siku tisa. Nilikuwa Ujiji.

Nilikwenda asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe anachambua dagaa. Nikamsalimia, nikakaa, nikamsaidia kuchambua. Sikutoa kifaa. Nilimuuliza babu alikuwa anavua nini zaidi.

"Kuhe," akasema. "Usiku dagaa kwa karabai kama wenzake wote. Lakini mchana kuhe, kwa mshipi, peke yake."

Nikamuuliza mshipi wake ulizamaje.

Akaacha kuchambua. Akasema, mjukuu wangu, ulizama kwa risasi za baba yake. Nitaandika alivyosema kadiri ninavyokumbuka. Baba mkwe wake hakuwa mtu wa Ujiji. Alitoka Unyanyembe, alikuwa na gobore, aliwinda na kusindikiza mizigo, akaja huku akaoa Mmanyema, akabaki. Alipokufa gobore lilichukuliwa, hakujua na nani, yeye alikuwa bado hajaolewa. Ila kalibu ilibaki, maana hakuna aliyeona faida yake. Babu ndiye aliyeichukua. Aliikata kwa tupa aliyoazima kwa fundi baiskeli, akaifanya ya kuvulia.

Halafu nikakitoa, nikamwekea mapajani. Hakucheka safari hii. Alikishika kwa namna ambayo mimi sikuwahi kukishika: mkono wenye ngozi chini, ule mwingine juu, faneli ikitazama mbinguni. Akanionyesha babu alikokuwa anakaa, pale pale uani, ana jiko la mkaa na kikopo. Watoto walifukuzwa mpaka barabarani. Hasa mtoto aliyetoka kuogelea, kwa sababu tone la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka linalipuka na kurusha moto usoni. Mjomba wangu mkubwa ana kovu dogo karibu na sikio, nililiona maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza. Ndicho alichomaanisha siku ile: hicho cha moto, watoto msikisogelee. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amenijibu.

Nikamuuliza kama kuna mshipi wowote uliobaki. Akasema ulikuwa juu ya boriti, chumba cha nyuma.

Chumba tulichobomoa.

Vitu vya chumba kile tulivirundika nyuma ya choo tukisubiri vikauke tuvichome. Nilitumia saa mbili kwenye ule mrundo na binamu zangu wawili. Makuti, mabati, magunia, mkeka uliooza. Binamu mdogo ndiye aliyeupata: kipande cha mti kama kiganja, kimezungushiwa uzi mnene mweusi, na mwisho wa uzi, baada ya ndoano mbili zilizoliwa na kutu, goroli mbili za kijivu zilizofunikwa na unga mweupe. Zote zina tundu.

Niliipeleka moja kwa sonara pale mjini Kigoma, nikamuomba aipime tu. Gramu 27.4. Tundu la milimita 2 linatoa karibu nusu gramu na kidogo kwenye goroli la ukubwa ule, na unga uliokwisha kumomonyoka unachukua kilichobaki. Mzee wa wanyamapori, hesabu yako imefika mpaka ziwani.

Mwalimu wa Tabora alinishauri kwa ujumbe wa pembeni nikipeleke kwenye makumbusho, ama hapa Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ama kwenye tembe la Kwihara karibu na Tabora, maana kilitoka huko. Tutalizungumza kama familia. Kwa sasa nimekipaka nta, na hakiendi popote bibi akiwa hai.

Jioni kabla sijaondoka nilimrudishia ile goroli. Aliifuta kwa kanga, akafungua kalibu, akaiweka kwenye nusu moja. Ilikaa. Akabana. Midomo ilikutana bila kuacha mwanga. Kisha akaninyooshea mkono mtupu, kiganja juu, hakusema kitu, mpaka nilipoelewa anataka spoki. Nikampa. Akaitafuta tundu kwa kidole gumba bila kutazama, akaiingiza kwa chini, na ikatokea juu.